Joho Lisiloshika Moto

Itigi
11 Februari 2024

Mdogo wangu Chediel,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu aliyetobolewa ubavu anavyoweza kuwa hajambo. Mwanangu Simeoni mzima, mkewe Rahel mzima. Yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha, wote madume, kwa hiyo usianze kuota utajiri. Mvua imeshika vizuri, vichaka vimechanua na nyuki hawana nafasi ya kupumua.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu ni ya Simeoni, na kila akinipigia kwako anaweka sauti kubwa kisha anakaa hapohapo, eti ananishikia. Mengine siwezi kuyasema mbele ya mtoto niliyemzaa. Tena nikiongea kidogo tu pumzi inakata, lakini kwa kalamu naweza kupumzika katikati ya sentensi na wewe usijue. Editha, yule jirani anayepeleka asali Dar kwa treni, amekubali kuwa posta yetu. Ukimpa chakula atakuletea mpaka mlangoni.

Tangu tuagane pale hospitali Dodoma nimepata nafuu. Maji waliyonitoa kifuani yangejaza kidumu, na sasa nalala chali kama zamani. Nikikumbuka nilivyomezeshwa dawa za kifua kikuu miezi yote ile, na makohozi yangu yakikana kila wakiyapima, nachoka.

Kile kinyama walichokata ubavuni walisema majibu yake utapewa wewe. Umeyapata? Kama umeyapata, niandikie. Usinifiche, mimi ndiye niliyekufundisha kusema kweli.

Dada yako,
Damari

*

Ukonga, Dar es Salaam
9 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Sisi huku hatujambo. Asnath anakusalimu sana na watoto pia. Editha alifika, akala, akasahau kwamba amekula, akala tena. Asali imefika salama, asante. Hao mbuzi wawili madume mmoja ni wa Pasaka, usijifanye hujui.

Majibu nimeyapata. Nimekawia kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nionane na daktari wa huku, nikuletee maneno kamili. Dada, haikuwa TB tangu mwanzo. Ni saratani, inaitwa mesotelioma. Haiko ndani ya pafu lenyewe, iko kwenye utando unaolifunika, kama ile ngozi nyembamba unayoikuta ndani ya ganda la yai. Ndiyo inayotengeneza yale maji.

Daktari ni mama mmoja mpole lakini hazunguki. Nilimuuliza tufanye nini. Akasema upasuaji wa kuondoa utando haukufai, ugonjwa umeshatambaa na operesheni yenyewe ni kubwa mno kwa mwili uliokonda hivyo. Mionzi inaweza kutuliza sehemu moja inayouma, siyo kutibu kifua kizima. Zipo pia dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili, ila kwetu kuzipata ni shida, hakutaka kunipa matumaini ya bure. Kinachowezekana ni dripu ya dawa mbili za saratani, kila baada ya wiki tatu kwa miezi kadhaa, ukitangulia kupewa vitamini ili zisikuumize sana. Na maji yakirudi wanayatoa, kisha wanaingiza unga maalumu unaolibandika pafu kwenye ubavu, yakose pa kukaa. Haya yote yanafanyika hapa Dar. Chumba chako kipo. Uje kabla ya Pasaka.

Kuna jambo ameniagiza nikuulize. Umewahi kufanya kazi na asbesto? Ni mawe yenye nyuzinyuzi, zamani yalitengenezewa mabati ya saruji na vitambaa vya kuzuia moto viwandani. Vumbi lake ukilivuta linakaa kifuani miaka thelathini, hata arobaini, ndipo linaanza kazi. Nilimwambia dada yangu ni mkulima na mwalimu wa watoto kanisani. Akasema kaulize tena, kwa kawaida ugonjwa huu hauji hivihivi. Basi nauliza.

Mdogo wako,
Chediel

*

Itigi
Jumapili ya Pasaka, 31 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Bwana amefufuka. Mchungaji alihubiri mpaka kuku wa watu wakaanza kuingia kanisani. Watoto wangu waliimba vizuri. Niliwaongoza nimekaa kwenye kiti na waumini wakadhani nimeongezewa cheo.

Saratani. Nimeliandika hapa ili nilione. Simeoni sijamwambia, nimemwambia ni maji tu ya kifua. Nilikaa siku tatu sitaki kula, halafu nikala, maana Rahel alianza kuniangalia vibaya.

Unauliza habari za vumbi. Chediel, mtu wa Itigi kuulizwa kama amevuta vumbi ni sawa na samaki kuulizwa kama amelowa. Kiwandani sijafanya kazi hata siku moja. Nimelima mtama, nimelima alizeti, nimefundisha watoto nyimbo. Mwambie daktari hivyo.

Kuja kwa sasa ni vigumu, msimu wa kuvuna asali haupo mbali. Simeoni ametundika mizinga mipya huko vichakani, na juzi ameteremsha Joho la marehemu baba yake kutoka kwenye boriti. Unalikumbuka, lile lisiloshika moto hata mwenge mzima ukiliangukia. Rahel alilikung'uta uani asubuhi yote, vumbi jeupe likaruka kama anapepeta unga, nikamwambia, mwanangu, mbona unalipiga kama limekukosea? Majirani wameshaanza kuja kuliazima. Kila mwaka ni hivyo, utadhani ni mali ya kijiji.

Sasa nina swali moja, na naliweka mwisho ili usilipite. Itapona?

Dada yako,
Damari

*

Ukonga
20 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Huku mvua imepitiliza, shule tulifunga siku kadhaa na barabara yetu imekuwa mto. Watoto wamefurahi, Asnath hajafurahi. Chumba chako tumekipaka rangi, kina dirisha linaloangalia mpapai.

Barua yako nimeisoma nimekaa, lakini nilipofika pale Rahel anapolikung'uta Joho nilisimama. Nimesimama mpaka sasa. Shemeji Enock alifanya kazi gani kule kiwandani alikokuwa? Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka alivyotusimulia akija likizo. Alisema kazi yake ni kuyavalisha nguo mabomba ya moto, na sisi tukacheka mpaka tukaanguka. Alipoacha kazi alirudi na kitambaa kizito cha rangi ya jivu, zawadi aliyojichagulia mwenyewe, akasema sasa mrina asali wa Itigi hataungua tena na cheche za mwenge. Wewe ukalishona lile Joho kwa cherehani ya mama. Sindano zilivunjika, ukacheka, ukaendelea. Pua yako ilikuwa nyeupe.

Habari hii nilimpelekea daktari. Akaniuliza huyo shemeji yuko wapi. Nikasema alifariki mwaka 2009. Kwa ugonjwa gani? Nikasema kifua. Akavua miwani akaifuta, na haikuwa chafu.

Nakuomba kwa heshima yote. Joho lisivaliwe na mtu. Lisikung'utwe, lisifuliwe, lisiazimwe. Simeoni asiliguse. Na ikiwezekana mwambie Rahel nguo alizovaa siku ile azifue peke yake, kwenye maji mengi.

Kuhusu lile swali lako, daktari anasema wapo wanaoanza dripu wakapata nafuu, wakala vizuri, wakaongezeka uzito. Anasema miili haifanani. Anasema tusichelewe.

Mdogo wako,
Chediel

*

Itigi
26 Mei 2024

Chediel,

Marahaba. Wote wazima. Alizeti imetoka vizuri. Editha alipita mwanzoni mwa mwezi akaondoka mikono mitupu, usimlaumu. Ni mimi niliyejificha jikoni mpaka treni ikapiga honi.

Umeniandikia habari za shemeji yako kama shahidi wa mahakamani. Sasa nisikilize mimi. Enock alipokufa, kaka yake Fabiano alisimama matangani akasema mbele ya watu kwamba mwanamume haishiwi nyama yote mwilini kwa kukohoa tu, kuna kitu amelishwa, na anayempikia anajulikana. Ulikuwepo. Ulitaka kumjibu nikakuvuta shati. Tangu siku hiyo Fabiano hajakanyaga kwangu, na anakaa hapo ng'ambo ya reli, nasikia jogoo wake. Nilinyamaza kwa sababu Enock alinipenda na mimi nilijua, ikanitosha.

Leo unataka nisimame niseme kumbe ni Enock aliyenilisha mimi? Niseme alileta kifo nyumbani amekikunja vizuri kwapani, na mimi nikakishonea mikono, halafu nikamvalisha mwanangu? Simeoni amelivaa tangu baba yake alipoanza kuugua. Anasema akiwa juu ya mti ndani ya lile Joho anaona kama baba yuko chini anamshikia ngazi. Mwambie wewe. Mimi mdomo huo sina.

Joho nimelifungia sandukuni. Nimemdanganya Simeoni kwamba panya wamelitoboa na ninalitia viraka. Msimu umefika, na kila jioni ananiuliza, "Mama, bado tu?"

Dar siji. Nikija kutibiwa ugonjwa wa Joho, ukoo mzima utajua ni wa Joho. Na hapa napumua vizuri.

Na wewe, mwalimu mzima, nilikuuliza swali moja ukanijibu mengine ambayo sikuyauliza. Mwanafunzi wako akifanya hivyo unampa sifuri.

Damari

*

Ukonga
8 Juni 2024

Dada yangu, shikamoo.

Safari hii salamu ni fupi. Tuko wazima.

Rahel alinipigia simu akiwa shambani ili mumewe asisikie. Anasema unalala umekaa, umeegemea gunia la mtama. Anasema unaoga kwa mafungu, mikono kwanza, halafu unapumzika, halafu miguu. Maji yamerudi, na wewe unaniandikia kwamba unapumua vizuri. Basi sote wawili tumepata sifuri.

Nalijibu swali lako. Haiponi, dada.

Daktari aliniambia tangu Machi. Mimi nikakuandikia habari za vitamini na dirisha la mpapai. Mama alipofariki ulinibeba mgongoni ukiwa msichana mdogo, watu wakidhani wewe ndiye mama. Niliona nikiliandika neno hilo nitakuwa nimekuua kwa mkono wangu. Nimelia leo kwenye ofisi ya walimu, mbele ya mwalimu wa hesabu ambaye hanipendi, na yeye ndiye aliyeniletea maji ya kunywa.

Haiponi, lakini hayo si maneno yote ya daktari. Ukija, watayatoa maji na kutia ule unga, na kama pafu litashika utalala chali tena. Dripu ukiivumilia inaweza kukuongezea miezi, pengine zaidi, na kukupunguzia kubanwa. Lakini itakuchosha, itakutia kichefuchefu, na wapo isiowasaidia kitu. Unaweza kukubali maji na unga ukakataa dripu. Unaweza kukataa vyote ukabaki Itigi, nikakutafutia morfini ya maji, ile ya kunywa, usiumie. Daktari amesema hayo yote ni matibabu, hata hilo la mwisho. Kuchagua ni kwako. Nakutaka uje, lakini sitakuburuta.

Lingine ni la Enock. Hakukulisha kitu, dada. Mtu alifanya kazi miaka kumi na moja akivuta vumbi ambalo hakuna aliyemwambia ni sumu, na siku ya kuondoka akachukua kitu alichoona ni kizuri kuliko vyote mle ndani, akawaletea wake. Simeoni atalielewa hilo, na daktari anataka na yeye apimwe kifua. Asipoambiwa, atalitafuta Joho mwenyewe sandukuni.

Mdogo wako akupendaye,
Chediel

*

Itigi
7 Julai 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena. Rahel anakusalimu, nimeshamsamehe kwa kunichongea. Yule mbuzi wako wa Pasaka bado yu hai kwa kuwa hukuja kumla.

Asante kwa lile neno. Nililisoma nikaikunja barua nikaiweka chini ya Biblia, nikaenda kukaa nje. Nililia. Halafu, huwezi kuamini, nikasinzia. Nadhani nilikuwa nimechoka kukungoja uliseme.

Jioni yake Simeoni alipouliza kama Joho liko tayari nilimpa barua zako zote nikamwambia asome. Alisoma amesimama, kama wewe. Alipomaliza aliuliza jambo moja tu. "Baba alijua?" Nikamwambia hakujua. Akatoka nje, akapasua kuni mpaka Rahel akamwambia zinatosha za mwaka.

Asubuhi akamleta bwana afya. Huyo akasema Joho limwagiwe maji likiwa humohumo sandukuni, lisitikiswe, na sanduku zima lifungwe kwa nailoni nzito mara mbili, lizikwe kwenye shimo refu, mbali na kisima. Sasa unajua watu wa hapa. Wakiona mwanamume anachimba shimo refu na mama yake anaumwa, wanajua la kufanya. Mchana uani kumejaa wanawake wenye kanga viunoni, mmoja ameshaanza kulia, na mimi nimekaa kwenye kiti nakunywa uji. Nilicheka mpaka pumzi ikakata wakaanza kulia upya.

Katikati ya hayo nikamwona Fabiano anavuka reli. Amezeeka, Chediel. Alisimama kwenye ukingo wa shimo akauliza nani amekufa.

Nikamwambia, "Shemeji, hajafa mtu. Tunazika nguo ya ndugu yako."

"Nguo?"

"Ndiyo iliyomuua Enock. Na mimi nimo njiani."

Nilimweleza polepole, kwa pumzi niliyokuwa nayo, na watu wote wakisikia. Kumbe mdomo ninao. Yeye mwenyewe alikuwa akiliazima Joho kwa kumtuma mtu, kila msimu, na mimi kila msimu nilimpa. Akasema, "Shemeji, nilikuonea." Alivua kofia, akachukua jembe mkononi mwa Simeoni, akafukia yeye mpaka mwisho. Nilikuwa nikifikiri siku akiomba radhi nitafurahi. Niliona huruma tu, na nikaona uchungu kwa ajili ya Enock, aliyekufa akituomba samahani kwa kikohozi chake cha usiku.

Sasa nisikie uamuzi wangu. Nilikuwa nichague kubaki. Nilimwambia Simeoni nitakunywa hiyo morfini hapa nyumbani, nisikie treni zikipita, inatosha. Akasema, "Mama, daktari wa mjomba anataka nipimwe na mimi. Ukipanda treni napanda. Ukibaki na mimi sipimwi." Amerithi kichwa changu, nimlaumu nani?

Kwa hiyo nakuja. Maji watoe, unga watie. Dripu nitaijaribu, mara mbili. Nikiona inaninyang'anya kuliko inavyonipa nitasema basi, na wewe utanirudisha Itigi bila kunihubiria. Uniahidi hilo kabla sijashuka kwenye behewa. Kupona sikuombi tena. Naomba nilale chali, na niwepo Simeoni akipewa majibu yake, yawe yoyote. Naogopa majibu yake kuliko yangu.

Barua hii inatangulia na abiria mwingine, sisi tunapanda Jumanne ijayo na Editha, ambaye ameshaulizia chakula cha mchana kitakuwa nini. Uje stesheni na kiti cha magurudumu, sina uwezo wa kusimama kwenye foleni. Usilie mbele za watu, utanitia aibu.

Asali tunakuletea ndoo moja. Simeoni aliirina juzi bila Joho, amevaa shati la kawaida na gunia kichwani. Amevimba jicho moja na mikono imeungua kwa cheche. Alikuwa anaukwepa mwenge badala ya kuuelekeza, kwa hiyo safari hii asali ina majivu. Uichuje. Usiitupe.

Dada yako,
Damari